Vinu vya Kitongoji C

Siku mliyoniaga mlinipa blanketi, keki ya karoti, na hotuba ambayo Nomsa, mkuu wetu, aliisoma mbio kwa sababu zamu yetu ya kukatiwa umeme ilikuwa saa nane na keki ilikuwa bado haijakatwa. Halafu mkaniomba niwaachie maelezo ya kazi kwa ajili ya atakayekaa mezani kwangu. Nimejaribu. Nimeandika ukurasa mmoja kuhusu kabati la ramani, namna ya kulifungua bila kulipiga teke, na mwingine kuhusu namna ya kulipiga teke. Kurasa zilizobaki ni hizi.

Naziandika kwa sababu ya swali la kumi na nne. Kila anayeajiriwa ofisini kwetu huisoma fomu ya kijiji kuanzia mwanzo huku akitikisa kichwa kwa heshima: kaya, barabara, shule, vyanzo vya maji. Akifika la kumi na nne anasimama. "Je, kuna vinu nje ya nyumba? Vimekaaje?" Wengine wamecheka mbele yangu. Mmoja wenu, simtaji, aliniuliza kama hilo ni swali la mila. Nikamwambia ni swali la adabu, tena adabu yangu mimi, na kwamba ipo siku nitamweleza. Basi akae vizuri.

Kabla ya kuja Johannesburg nilikuwa mwalimu wa jiografia Ifakara kwa miaka ambayo siihesabu hapa, maana baadhi ya wanafunzi wangu sasa wana vipara na hawatapenda. Mume wangu, Baba Tumaini, alipopata nafasi ya kufundisha chuo kikuu Braamfontein, nilimfuata na masanduku matatu na kinyongo kidogo. Tukapata nyumba mtaa wa Observatory, kwenye mteremko, ambako ukidondosha ndimu barazani unaenda kuiokota kwa jirani. Mwanzoni mwa 2015 nikasikia kuna ofisi, mitaa miwili kutoka chuoni, inamtafuta mtu anayejua Kiswahili na ramani. Ilikuwa inaandika wasifu wa vijiji kwa ajili ya watu wanaopeleka mabomba ya maji. Mafundi hawawezi kuchimba mtaro mpaka mtu awaambie kijiji kiko wapi, kina watu gani, na watu hao wanakaa upande upi wa mlima. Mtu huyo alikuwa sisi, ghorofa ya nne, lifti mbovu.

Siku ya kwanza nilipangiwa kukaa na Papa Ilunga. Ninyi mnamjua akiwa mzee wa kona ya dirishani mwenye kizibao, mnamsalimia mnapita. Mimi nilimkuta akiwa mfalme. Alizaliwa Lubumbashi, akajifunza kuchora ramani kwenye migodi ya kwao, na alikuwa anachonga penseli kwa kisu kidogo ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Nilimwamkia. Hakunionyesha kompyuta wala kunitembeza ofisini. Alinipa karatasi tupu.

"Bon, Mwalimu. Chora njia ya kwenu, tangu ku nyumba mpaka ku mayi."

Mayi ni maji, kwa Kiswahili cha kwao. Nikachora nyumba yetu ya utotoni bondeni Kilombero, nikachora kisima, nikaviunganisha kwa mstari ulionyooka sana, maana nilikuwa nimebeba rula. Akauangalia muda mrefu.

"Hii njia inapita ndani ya nyumba ya jirani. Ulikuwa unapita mule na ndoo ku kichwa?"

Nikafuta, nikachora upya. Njia ikazunguka jiko la jirani, ikakwepa dimbwi, ikapanda kichuguu ambacho nilikuwa nimekisahau kwa miaka arobaini.

"Na wakati wa mvua?" akauliza.

"Wakati wa mvua hakuna anayepita hapo," nikasema. "Wote tunakuwa shamba."

Akaandika kitu kwa penseli kwenye kona ya karatasi, akaitia kwenye droo yake, akafunga. Akasema sasa tunaweza kuanza kazi.

Mwezi wa kwanza nilichemsha chai ya ofisi nzima karibu kila siku, na hiyo nayo ilikuwa sheria ya Papa Ilunga. Yeyote aliyeandika katika wasifu kwamba wakazi wa kijiji ni wakarimu alichemsha chai. Alisema hajawahi kuona kijiji kilichoandikwa kuwa na watu wachoyo, kwa hiyo neno hilo halimsaidii fundi wa bomba. Mimi niliandika wakarimu Limpopo, nikaandika wakarimu Niassa, nikaandika wachangamfu nikidhani nimekwepa, nikachemsha. Ndiyo maana nilinunua kikombe changu mwenyewe, kile cha bluu chenye ufa mpinini. Kama ni kutumikia kifungo, angalau ninywe vizuri.

Mwaka uliofuata nikaanza kujiona fundi. Kulikuwa na kijiji kimoja Msumbiji ambacho mtu wetu wa kule alikihesabu kwa nyumba, akiwa amesimama barabarani, na nusu ya nyumba zile zilikuwa zimebaki kuta. Watu walikuwa wamehama zamani. Bomba likafika mahali ambapo wa kulishukuru walikuwa kenge tu. Ofisi ikaona aibu, na mimi, kwa ule ualimu wangu, nikatoa dawa. Nyumba itembelewe mara mbili, siku nane zikiwa katikati. Isipokutwa na mtu mara zote mbili, iandikwe kuwa hame. Nomsa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepewa ukuu wa ofisi na anapenda kitu kinachoeleweka, akaipenda. Ikachapwa kwenye fomu. Wakaanza kuiita Kanuni ya Mwalimu, na nisiwafiche, kila nilipoisikia nilirekebisha miwani.

Halafu, mwanzoni mwa 2017, ikaja Wolopeka.

Wenye fedha za maji walikuwa wameanza kufanya kazi Indonesia pia, na waliipenda fomu yetu. Kwa hiyo vijiji vya kisiwa cha Flores vikaanza kuandikwa Braamfontein, na mtu ambaye hajawahi kuvuka hata Zanzibar. Siku za kwanza niliogopa. Baadaye nikanogewa.

Wolopeka iko vilimani, mahali ambapo barabara inafuata mgongo wa mlima kwa sababu haina pengine pa kupita. Bahari inaonekana mbali kusini, lakini watu wa Wolopeka hawana shughuli nayo. Samaki huwafikia kwa pikipiki akiwa ameshakauka. Wanalima kahawa, mihogo, mahindi, na mpunga wa mlimani usiotaka majaruba. Wana mti uitwao kemiri wenye kokwa ngumu ya mafuta, ambayo akina mama huipasua wakiwa wamekaa duara wakisengenya. Soko ni Jumatano, kwenye njia panda, na linauza nguruwe wadogo, tumbaku, na vitambaa vya kufuma kwa mkono ambavyo nyuzi zake hutiwa rangi kwanza ndipo zifumwe, kazi ya miezi kwa kitambaa kimoja. Mji wa wilaya uko saa tatu kwa gari kama mvua haijanyesha. Vijana wengi huenda Malaysia kwenye mashamba ya michikichi, na makwao hujulikana kwa bati jipya juu ya nyumba ya zamani. Maji yalikuwa chemchemi moja juu ya mlima, na kina mama wakiteremka nayo kwa madumu.

Kilichonifurahisha zaidi ni utawala wao. Kijiji chao kinagawanywa katika sehemu ambazo ni vitongoji kabisa, kila kimoja na kiongozi wake anayelalamika. Juu ya kijiji kuna mtu kama katibu tarafa, na juu yake mkuu wa wilaya ambaye picha yake imetundikwa kila ofisi. Hata wanawake wao huitwa Mama: Mama Rosa, Mama Maria. Nikajiona nipo Ifakara kasoro joto lake. Wolopeka ilikuwa na vitongoji vitatu vilivyopewa herufi. A kilikuwa kanisani, B barabarani, na C kilikuwa ng'ambo ya korongo refu, peke yake.

Aliyekuwa akitujazia fomu kule aliitwa Yohanes, karani wa mji wa wilaya, mwenye pikipiki. Sijafanya kazi na mtu makini kama yeye. Ukimuuliza kama kuna daraja, anakutumia picha ya daraja, picha ya mto chini ya daraja, na picha yake mwenyewe amesimama darajani. Rasimu yangu ya kwanza ya Wolopeka niliiandika juu ya wasifu wa kijiji cha Limpopo, kama tulivyokuwa tukifanya wote ili tusipange vichwa vya habari upya, na mstari mmoja ukasahaulika humo: kwamba wakati wa kiangazi tembo huharibu mazao. Yohanes alijibu, kwa Kiingereza chetu cha kazi, kwa heshima kubwa. "Tembo bado hatujawaona, Ibu, lakini tutaendelea kuangalia." Ibu ndivyo wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu. Baada ya barua hiyo sikuwa na hakika kama bado ninastahili.

Mwezi wa Machi fomu ya Kitongoji C ikafika. Ziara ya kwanza: hakuna mtu. Ziara ya pili, siku nane baadaye: hakuna mtu. Milango imefungwa kwa kamba. Picha ya kila nyumba imeambatishwa.

Nikaandika kwamba Kitongoji C ni hame.

Papa Ilunga, aliyekuwa anachora ramani yenyewe, akaweka penseli chini. "Bantu bote banaenda wapi?"

"Wamehama, Papa. Vijana wako Malaysia. Wazee wamesogea kanisani."

"Nani anasema?"

"Kanuni."

Alinitazama kidogo, akachukua penseli, akakizungushia Kitongoji C nukta nukta, alama yetu ya mahame. Ijumaa tukatuma. Wahandisi walikuwa wakutane Jumanne kuamua bomba liishie wapi, na kulivusha korongo ilikuwa kazi ngumu kuliko bomba lote lililobaki. Kitongoji kisicho na watu kilikuwa habari njema kwao. Walijibu siku hiyohiyo wakishukuru, jambo ambalo lilitakiwa kunishtua.

Jumamosi asubuhi nilikuwa barazani kwetu Observatory, nimejifunga khanga, kompyuta iko mapajani, natafuta picha ya kupamba jalada la nakala ya kuchapwa. Baba Tumaini alikuwa pembeni anasahihisha mitihani na kuguna. Nikapitia picha za Kitongoji C kwa sababu zilikuwa nzuri: ukungu, bati, milima nyuma. Kwenye picha ya kwanza kulikuwa na kinu nje ya mlango. Kimefudikizwa, mdomo chini, tako juu, na mchi umeegeshwa ukutani chini ya upenu. Kwenye picha ya pili kulikuwa na kinu. Kimefudikizwa. Nikaenda ya tatu, ya nne. Nikaacha kuangalia milima.

Inabidi niwaeleze ninyi mliokulia kwenye spaza, viduka vya mtaani, na unga wa pakiti. Kwetu Kilombero mashamba ya mpunga yako mbali na kijiji. Mpunga ukianza kushika punje, nyumba nzima inahamia shamba, mnaishi dunguni, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, mnafukuza ndege mchana, nguruwe wakati mwingine wowote, na nyani wanaojua saa yenu ya kula. Mnakaa huko wiki nyingi, mpaka mavuno. Kijijini hakubaki mtu. Na siku ya kuondoka, mama akishafunga mlango kwa kamba, kitu cha mwisho alichofanya kilikuwa kukipindua kinu ili mvua isijae humo kikaoza. Nilimsaidia kukisukuma tangu nikiwa sijafika kimo cha kinu chenyewe. Mtu anayehama moja kwa moja anaondoka na kinu chake, au anampa ndugu. Anayekifudikiza mlangoni anarudi.

Nilijisikia vibaya sana. Sikuwa nimekosa ujuzi. Nilikuwa nao tangu nina miaka mitano. Nilikuwa nimeuweka kando ili nifuate karatasi niliyoiandika mwenyewe.

Nilimweleza Baba Tumaini. Akaziangalia picha, akaniangalia mimi na khanga yangu.

"Umehamisha kitongoji kizima na hujatoka barazani," akasema. "Wengine walihitaji malori."

Kisha akaenda kunichemshia chai, kwa hiyo nikajua hali ni mbaya.

Nilimwandikia Yohanes mchana huo. Kimya. Jumapili kimya. Baadaye nilikuja kujua alikuwa arusini kijiji kingine, ambako mtandao unapatikana juu ya mti mmoja, na mti wenyewe ulikuwa na foleni.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya Nomsa. Nomsa na mimi tulikuwa tunazungumza Kiingereza, maana Kiswahili chake kiliishia kwenye asante sana, lakini eish haihitaji tafsiri.

"Eish, Mama," alisema nilipomaliza. "Unataka niwapigie wateja niwaambie kanuni iliyochapwa kwenye fomu yetu, waliyotuletea kazi kwa sababu yake, ina makosa?"

"Waambie aliyeiandika ana makosa."

"Nikiwaambia hivyo wanaweza kuchukua vijiji vyote wakampa mtu mwingine."

"Najua. Lakini usipowaambia, kule ng'ambo ya korongo watateremka na madumu miaka yote, wakiona bomba la wenzao upande wa pili."

Nyuma yangu nikasikia droo ikifunguliwa. Papa Ilunga alikuja polepole akaweka karatasi juu ya meza ya Nomsa. Ilikuwa njia yangu ya kisimani, ya siku ya kwanza, na kichuguu chake. Kwenye kona, kwa mwandiko wake mdogo, aliandika: mvua, hakuna mtu, bote beko shamba.

"Ulikuwa nayo muda wote huu?" nikamuuliza. "Ijumaa ulikuwa nayo?"

"Ijumaa niliuliza bantu banaenda wapi. Ulinijibu, kanuni."

Nomsa akataka atafsiriwe, akatafsiriwa, akaisoma ile kona mara mbili, akachukua simu.

Mhandisi mkuu wa wateja hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema kwa upole kwamba fomu yetu inadai ziara mbili, na ziara mbili zimesema hakuna watu. Sasa tunasema wapo, kwa ushahidi wa vyombo vya jikoni. Mkutano ni kesho saa nne. Tukiweza kumwonyesha ni kaya ngapi na za nani, atalivusha korongo. Tusipoweza, bomba linaishia B.

Nilipompata Yohanes ilikuwa saa tatu kwetu, saa tisa alasiri kwao.

"Watu wa Kitongoji C wako wapi?" nikamuuliza.

"Wako kwenye bustani zao, Ibu. Wanalinda mahindi. Kuna tumbili na nguruwe."

"Ulijua hivyo ulipokuwa unajaza fomu?"

"Ndiyo, Ibu. Kila mtu anajua."

"Kwa nini hukuandika, Yohanes?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Fomu iliuliza kama kuna mtu ndani ya nyumba. Nilibisha hodi. Hakukuwa na mtu."

Nilimuomba radhi, jambo lililomchanganya. Nikamuomba kesho yake apande mpaka kwenye bustani, kibanda kwa kibanda, aandike jina la kila mwenye nyumba, na amwulize kinu chake kiko wapi. Akauliza kama swali la kinu liko kwenye fomu. Nikasema linaingia leo.

Saa nne kamili umeme ukakatika, kama tangazo la matengenezo lilivyoahidi. Robot za chini, taa za kuongozea magari, zikazima, na yule bwana wa fulana ya kijani akaingia katikati ya barabara kuongoza magari kwa mikono. Kompyuta zetu zikafa. Papa Ilunga alikuwa amejiandaa. Nadhani alikuwa amengoja siku hiyo maisha yake yote. Tulikuwa tumeshachapisha picha zote za Kitongoji C. Akazipanga dirishani kwenye mwanga, akatoa kioo cha kukuzia, tukaanza kuhesabu, yeye akichora nyumba moja moja, mimi nikisoma.

"Nyumba ya tano," ninasema. "Kinu kimoja, chini."

"Chini namna gani?"

"Kimefudikizwa, Papa."

"Ile ya sita?"

"Kimefudikizwa. Ya saba hakuna kinu, na upenu umebomoka. Nyasi mpaka mlangoni."

"Ile njo hame," akasema, akaizungushia nukta. "Ile moja, mpaka sasa."

Nomsa alikuja kusimama nyuma yetu, akaanza na yeye kuonyesha kwa kidole. Kwenye nyumba ya kumi na moja tulibishana kwa dakika kumi kama kile ni kinu au kisiki. Nomsa alisema kisiki. Papa Ilunga alisema kisiki hakina mchi. Tulipomaliza tulikuwa na vinu kumi na saba, vyote mdomo chini, na nyumba mbili zilizohamwa kweli. Kanuni yangu ilikuwa imepatia mbili.

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi simu ikalia. Upepo mwingi, kuku, sauti za wanawake. Yohanes alikuwa amesimama juu ya jiwe, mahali pekee penye mtandao kwenye bustani zile. Alinisomea majina, kaya moja moja, taratibu, na mimi nikayatia kwenye ramani ya Papa Ilunga kwa kufuata nyumba. Majina kumi na saba, na nyumba ya kumi na moja ilikuwa na kinu kweli, nikamwangalia Nomsa akaangalia pembeni. Kisha Yohanes akasema kuna mtu anataka kuzungumza nami, Mama Rosa, mwenye nyumba ya kwanza, ile ambayo kinu chake nilikiona kabla ya vyote. Yeye angetafsiri.

"Anauliza ni nani aliyesema hawapo."

"Mwambie ni mimi."

Akamwambia. Nikasikia kicheko cha wanawake wengi kwa pamoja.

"Anauliza, kwenu nani analinda mahindi?"

"Kwetu ni mpunga. Alikuwa analinda mama yangu. Mimi nilikuwa na kombeo."

Hiyo alipoitafsiri hakuna aliyecheka. Mama Rosa akazungumza kwa muda, polepole.

"Anasema kinu wanakigeuza kwa sababu ya mvua. Na pia ili anayepita ajue wanarudi." Mama Rosa akaongeza kitu. "Anauliza, Ibu, vinu uliviona kabla ya kuandika au baada?"

Ningeweza kumdanganya, alikuwa upande wa pili wa bahari.

"Mwambie niliviona baada."

Akamwambia. Mama Rosa akajibu maneno machache tu.

"Anasema sawa. Sasa tuma bomba."

Saa nne kasorobo Nomsa alituma ramani: vinu kumi na saba, majina kumi na saba, na maelezo ya nusu ukurasa niliyoyaandika mimi na kuyatia sahihi mimi, yakieleza nilikosea nini. Tukakaa kungoja. Hakuna aliyefanya kazi. Papa Ilunga alichonga penseli mbili zikaisha. Saa tano unusu mhandisi akapiga. Alisema katika kazi zake zote hajawahi kupitisha bomba kwa ushahidi wa vinu, na kwamba mezani wamecheka sana, na kwamba mmoja wao, mtoto wa mkulima, hakucheka. Alisimama akawaeleza wenzake kwamba kwao pia ilikuwa hivyohivyo. Bomba litavuka.

Hawakutuondolea kazi. Waliomba fomu mpya. Nomsa alitaka swali la kumi na nne liandikwe kitaalamu, viashiria vya makazi ya msimu, kitu kama hicho. Nikasema hapana. Yohanes akiulizwa viashiria atatafuta viashiria. Aulizwe vinu. Ninyi mlio na vijiji ambako hawatwangi, badilisheni chombo: mtungi, jiwe la kusagia, banda la kuku. Lakini ulizeni kimekaaje, na mkiona nyumba ina kufuli msiondoke kabla ya kumuuliza jirani wamekwenda wapi.

Mwaka wa 2018, bomba lilipofika, Yohanes alituma picha tatu kama kawaida yake. Ya kwanza ni bomba lililoning'inia juu ya korongo kwa nyaya. Ya pili ni Mama Rosa mbele ya nyumba yake, mwanamke mfupi kuliko sauti yake, mkono mmoja uko kwenye koki na maji yanamwagika hovyo juu ya miguu yake, na pembeni kinu kimesimama, mdomo juu, kimejaa mahindi. Ya tatu ni Yohanes amesimama kwenye koki. Nililia mbele ya ofisi nzima na sioni haya. Papa Ilunga alinipa kitambaa chake cha mfukoni, ambacho ndicho anachofutia penseli, nikashinda siku nzima na uso wa mchimba makaa bila mtu kuniambia.

Niliandika vijiji vingi baada ya hapo, na vingine nilivikosea kwa njia mpya. Mtavikuta kabatini. Mtakuta pia kwamba wasifu wa Wolopeka una neno moja ambalo halikuwamo kwenye rasimu. Mstari wa mwisho kuhusu Kitongoji C unasema wakazi wake ni wakarimu. Niliuandika nikijua bei yake, nikaenda kuchemsha chai, na Papa Ilunga, aliyeusoma kabla haujatumwa, akaja akakaa jikoni kusubiri nami birika lichemke. Hakuufuta.

Siku ile ya keki mlinisaidia kufunga vitu vyangu kwenye boksi, mkashangaa ni vichache. Mmoja wenu aliniuliza kikombe changu cha bluu kiko wapi, nikajifanya sijasikia. Kiko kwenye rafu juu ya birika, upande wa dirisha. Nilikiosha mwenyewe asubuhi, nikakikausha, nikakifudikiza. Papa Ilunga alinikuta hapo. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akasema, kama watu wa Johannesburg wanavyosema sawa, "Sharp, Mwalimu," akarudi kwenye kona yake.